Wiki 96 Ndani ya Miaka Mitano

Andiko la mradi wa kuwafundisha watafiti wa tiba ya VVU, likiandikwa na chuo kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na wenzake wa Ulaya au Marekani, kwa kawaida huahidi wahitimu kadhaa wa uzamivu, maabara ya kupima usugu wa virusi dhidi ya dawa, na kozi itakayoendelea kufundishwa hata fedha za nje zikikoma. Muda unaoombwa mara nyingi ni miaka mitano.

Haja yenyewe ni ya kweli. Mgonjwa anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampicin akiwa pia na VVU, huhitaji dawa ya VVU ya dolutegravir miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja, kwa sababu rifampicin hulifanya ini liiondoe dawa hiyo upesi. Kwetu, ambako magonjwa haya mawili huandamana, maswali ya namna hiyo yanafaa kuulizwa na watu wanaowahudumia wagonjwa hao kila siku.

Kinachonisumbua ni hesabu ya muda. Tafiti za dawa za kufubaza virusi kwa kawaida hupima matokeo katika wiki ya 48, na nyingi huendelea hadi ya 96. Hiyo ni karibu miaka miwili kwa kila mshiriki, na washiriki hawaandikishwi siku moja; kuwapata wote huweza kumaliza mwaka mzima. Kabla ya hapo kuna kibali cha kamati ya maadili ya hapa, cha kamati ya chuo mshirika, idhini ya mamlaka ya dawa, na mkataba wa kusafirisha sampuli. Mwaka wa kwanza huishia kwenye makaratasi. Si uzembe, maana kamati hizo zipo kumlinda mgonjwa, lakini ratiba huwa imeupangia mwaka huo kazi nyingine. Mwanafunzi hupata takwimu zake kamili mwishoni mwa mwaka wa nne, tena akiwa na bahati.

Wakati huohuo tiba yenyewe haisimami. Mwaka 2015 miongozo ya kimataifa ilielekeza kila mwenye VVU aanzishiwe dawa bila kusubiri chembe za kinga za CD4 zishuke. Kufikia 2019 dolutegravir ilikuwa imeichukua nafasi ya efavirenz katika mstari wa kwanza wa tiba. Aliyesajiliwa kuchunguza efavirenz aliweza kukamilisha tasnifu nzuri kuhusu dawa ambayo kliniki zilikuwa zikiiacha. Ujuzi wa kutafiti anabaki nao, na huo ni faida, ila jibu alilolitafuta limepitwa.

Maabara hujengwa, na mara nyingi hujengwa vizuri. Ucheleweshaji hutokana na mambo yanayoonekana madogo: msamaha wa kodi unaosubiriwa bandarini, fundi anayetoka nchi nyingine, vitendanishi vinavyofika vikiwa vimebakiza miezi michache kabla ya kuisha muda wake. Jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri likizimika umeme ukikatika, sampuli za miaka mitatu zinaweza kuharibika, kwa hiyo dizeli ya jenereta haina mjadala.

Hapo ndipo gharama huanza kukua. Mkataba wa matengenezo ya mashine, ambao haukuwa na uzito wakati wa udhamini wa muuzaji, hugeuka mzigo. Mwanafunzi aliyechelewa hulipiwa karo ya mwaka wa ziada. Mfadhili hukubali kuongeza muda bila kuongeza fedha, na mishahara ya mwaka wa sita hutolewa kwenye fungu la jambo lingine. Mara nyingi fungu linaloguswa ni la kozi, au la kurudisha matokeo kliniki, kwa kuwa yote mawili yaliwekwa mwishoni.

Shahada hutimia, na ni haki lisemwe wazi: watu hao ni hazina. Upungufu huonekana kwa mtumiaji ambaye hakuwa ndani ya mradi. Daktari wa wilaya ana mgonjwa anayemeza dawa vizuri, lakini virusi vyake vimebaki juu ya nakala 1,000. Anahitaji kipimo cha usugu. Mashine ipo chuoni, ila ilisajiliwa kwa utafiti na si kwa huduma, na vitendanishi vilikwisha pamoja na ruzuku. Ningeona ni busara usajili wa huduma uombwe mwaka wa pili, fundi na fedha vikiwa bado vipo, na bajeti ya chuo itaje vitendanishi kabla ya makabidhiano.

Matokeo nayo huchapishwa, karibu daima kwa Kiingereza. Karatasi moja ya Kiswahili ingegharimu kidogo sana. Wagonjwa waliotoa damu kwa wiki 96 bado huja kuchukua dawa kwenye kliniki ileile, na muuguzi anayewapokea hana cha kuwasomea.