Meli Haimngoji Msafiri

Mwalimu mwenzangu uliyedunduliza fedha ili utalii kwa meli, nakusihi ulinde akiba hiyo isije ikazama. Kwanza, fika kwa ndege katika mji wa bandari siku moja kabla. Meli ikishang'oa nanga haimrudii aliyechelewa. Pili, chukua bima inayogharimia matibabu na kusafirishwa hadi hospitali ya nchi kavu, kwani zahanati ya melini hutoza ada. Tatu, nawa mikono kwa maji na sabuni. Virusi vya noro, viletavyo kutapika na kuhara, havifi kirahisi kwa dawa ya spiriti. Mwaka 2020, zaidi ya watu 700 wa meli ya Diamond Princess, iliyozuiliwa Yokohama, Japani, waliambukizwa korona. Kinga ni bora kuliko tiba, na baharini, naamini, ni bora maradufu.