Kufundisha Urejelezaji wa Taka kwa Ushirikiano wa Shule Jirani: Mfano wa Nachingwea na Ruangwa

Utangulizi

Mwalimu mwanafunzi aendapo shule ya msingi kwa mazoezi ya kufundisha, mara nyingi hukuta mada ya usafi wa mazingira ikifundishwa kwa njia moja tu: watoto huimba, hufagia, hutupa taka shimoni, kisha moto huwashwa. Siku ya pili taka ni zile zile. Watoto wamejifunza kuondoa taka machoni, lakini hawajajifunza kwamba taka ina thamani. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi mada hiyo iwezavyo kufundishwa vizuri zaidi, kwa kuanzia na jambo ambalo watoto wa Nachingwea na Ruangwa wanalijua tangu nyumbani, yaani uuzaji wa korosho.

Kosa ambalo tulilitenda

Yafaa tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Katika shule moja, wanachuo wetu waliwaongoza watoto kukusanya chupa za plastiki kwa muhula mzima. Tuliwaahidi kwamba mnunuzi atakuja, na fedha zitakazopatikana zitanunua mipira na madaftari. Mnunuzi alipoelezwa kiasi kilichokuwapo, alijibu kwamba hakitoshi hata kulipia mafuta ya gari. Mvua zikanyesha, maji yakatuama ndani ya chupa, mbu wakazaliana, na mwishowe lundo lote likachomwa moto. Mtoto mmoja akatuuliza, "Mwalimu, sasa tulikuwa tunaokota za nini?" Hatukuwa na jibu. Tangu siku hiyo tumeamini kwamba somo la urejelezaji ambalo mwisho wake haukuandaliwa hufundisha kinyume cha lililokusudiwa.

Maana ya maneno

Hapana budi mwalimu ayatenganishe mambo matatu. Kupunguza ni kutokuzalisha taka pasipo sababu, kama vile kwenda sokoni na kikapu. Kutumia tena ni kukitumia kitu kile kile bila ya kukibadili, kama fundi anayeshona kandambili kwa mpira wa gurudumu kuukuu. Kurejeleza ni kukivunja kitu na kukifanya malighafi ya kitu kingine, kama chuma chakavu kinavyoyeyushwa na kuwa nondo. Uchumi wa mzunguko ni mpango unaoyaunganisha yote matatu, ili mali isiishie jalalani bali irudi katika kazi.

Mbili za kwanza huweza kukamilika nyumbani au shuleni. Ya tatu huhitaji kiwanda, na viwanda vingi vya namna hiyo viko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400 kutoka kwetu. Hapo ndipo kosa letu lilipokuwa: tulidhani shule moja yaweza kuufunga mzunguko peke yake.

Kutoka linalojulikana kwenda lisilojulikana

Mkulima mwenye magunia mawili ya korosho hana nguvu mbele ya mnunuzi mkubwa. Kwa hiyo hupeleka korosho zake katika chama cha msingi cha ushirika. Hapo hupimwa, hupangwa kwa daraja, kisha hupelekwa ghala kuu pamoja na za wenzake, na mnada hufanyika kwa mzigo mkubwa. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika katika zao la korosho msimu wa 2007/2008. Katika eneo letu vyama vya msingi vimeungana katika Chama Kikuu cha Ushirika cha RUNALI, ambacho jina lake limetokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Wilaya tatu zimekuwa mkono mmoja.

Taka nazo hufuata kanuni hiyo hiyo. Zikiwa kidogo ni mzigo, lakini zikiwa nyingi, safi na zilizotenganishwa, ni bidhaa. Mtoto akilielewa hili kwa korosho, atalielewa kwa chupa, makopo na karatasi.

Hatua za kufundishia

Tunapendekeza masomo manne kwa Darasa la Tano.

Somo la kwanza: safari ya korosho. Mwalimu alete tawi, bibo na korosho yenye ganda. Watoto waeleze kila sehemu inakwenda wapi. Bibo huliwa au hukamuliwa, lakini mengi huoza chini ya miti. Kisha mwalimu aulize: "Na ganda liko wapi?" Wengi watashangaa kugundua kwamba ganda husafiri pamoja na korosho, kwa kuwa sehemu kubwa ya korosho zetu huuzwa ghafi katika nchi kama India na Vietnam. Huko ganda hutoa mafuta yatumikayo katika rangi na breki za magari, na mabaki yake huwa kuni za kiwandani. Hivyo watoto wataona kwamba kitu tunachokiita taka ni mali kwa mwingine.

Somo la pili: hesabu ya uzito. Watoto wapime chupa tupu za nusu lita kwa mizani ya dukani. Tuseme chupa moja ina gramu 20. Basi kilo 1 ni chupa 50, na tani 1 ni chupa 50,000. Shule yenye watoto 500, ambapo kila mtoto huleta chupa 2 kwa juma, hupata kilo 20, na itahitaji majuma 50 ili kufikia tani moja. Shule 10 zikiungana zitahitaji majuma 5. Tarakimu hizi ziandikwe na watoto wenyewe ubaoni. Lau tungalizifanya sisi kabla ya kuanza, tusingaliwadanganya watoto.

Somo la tatu: kutenganisha na kuhifadhi. Chupa zioshwe, vifuniko vitolewe, zibonyezwe zisishike maji, kisha ziwekwe katika magunia chini ya paa. Daftari la mapokezi litunzwe na watoto, kama karani wa chama cha msingi anavyofanya.

Somo la nne: barua kwa jirani. Katika kipindi cha Kiswahili, watoto waandike barua ya kirasmi kwa shule za kata jirani, na hata za wilaya ya pili, wakiomba kuunganisha mizigo. Nakala ipelekwe kwa afisa mtendaji wa kata, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazikabidhi serikali za mitaa jukumu la taka ngumu. Mwalimu mkuu azungumze na mnunuzi kwanza na kujua kiasi anachokitaka. Ukusanyaji ufuate baadaye.

Majirani hawaepukiki

Somo hili la ujirani limeonekana hata kati ya nchi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Mfuko uliokatazwa upande mmoja na kuruhusiwa upande wa pili huvuka mpaka kwa magendo. Kwa upande wa mafanikio, watoto waonyeshwe picha ya jahazi la Flipflopi, lililojengwa Lamu kwa plastiki na kandambili zilizookotwa, likazinduliwa mwaka 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Mikono mingi iliokota kabla ya fundi kushika msumeno.

Tahadhari

Si kila kitu hurejelezwa, na si kila kitu huguswa na mtoto. Katika vijiji vyetu hatari kubwa ni makopo na mifuko ya salfa na viuatilifu vya mikorosho. Chombo hicho kisitumike kamwe kuwekea maji, mafuta wala nafaka, hata kikioshwa. Vilevile watoto wasiokote betri, sindano wala vioo vilivyovunjika, na wasikamue ganda la korosho, kwani mafuta yake huunguza ngozi. Plastiki isichomwe karibu na madarasa. Tena kazi hii isiwe ajira ya watoto: wakati wake usile vipindi, na mapato yasomwe hadharani mbele ya wanafunzi na wazazi.

Tathmini na hitimisho

Mwalimu asipime somo hili kwa ukubwa wa lundo. Apime kwa maswali: Je, mtoto aweza kueleza kwa nini chupa kumi hazina bei na chupa elfu hamsini zina bei? Je, aweza kutaja chombo kisichofaa kutumika tena, na sababu yake? Je, shule jirani imejibu barua?

Ikiwa mnunuzi hajapatikana, mwalimu na afundishe kupunguza na kutumia tena, wala asianze kukusanya. Ni afadhali somo dogo lililo kamili kuliko kampeni kubwa inayoishia motoni. Mtoto aliyeuliza "za nini?" alistahili jibu, na jibu hilo huandaliwa kabla ya chupa ya kwanza kuokotwa.