Je, Wajua? Bastola ya risasi moja

Bastola iliyomuua Rais Abraham Lincoln wa Marekani ilikuwa na urefu wa sentimita 15 hivi tu. Ni derringer, kazi ya fundi Henry Deringer wa Philadelphia. Usiku wa Aprili 14, 1865, John Wilkes Booth aliingia nayo katika ukumbi wa Ford's Theatre, Washington, akamfyatulia Lincoln kisogoni kwa karibu sana.

Wanunuzi wa derringer waliipendea udogo: mfukoni haionekani. Tatizo ni kwamba ilibeba risasi moja, tena ya kushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu, baruti ikitangulia. Meja Henry Rathbone, aliyekuwa ameketi na Lincoln, alipomrukia, Booth hakuwa na cha kufyatua tena. Aliiangusha, akachomoa kisu na kumjeruhi mkono.

Baadaye kampuni ya Remington ilitoa derringer ya mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, ikaitengeneza kuanzia 1866 hadi 1935. Risasi mbili, basi! Na kifyatulio chake hakikuwa na kinga, eti silaha ya kutembea nayo mfukoni.

Kama ulinzi, ni silaha ya mkosi. Ile ya Booth sasa inaonyeshwa katika makumbusho ya ukumbi huohuo wa Ford's Theatre.