Nyendo za meli zaweza kuokoa fedha za waagizaji

Mwagizaji anayesubiri kontena kutoka ng'ambo huitazama tarehe moja kuliko zote: siku meli itakapofunga gatini. Akikosea hesabu, fedha za ushuru huchelewa, duka hukaa tupu, na siku za bure bandarini zikipita, gharama za kuhifadhi mzigo huanza kuhesabiwa.

Siku hizi si lazima tarehe hiyo isubiriwe kwa wakala. Tangu mwisho wa mwaka 2004, kanuni za Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) zinazitaka meli za mizigo zenye ukubwa wa tani 300 na zaidi, zinazosafiri kimataifa, kuwa na mtambo wa kujitambulisha uitwao AIS. Mtambo huo hutangaza kwa redio mahali meli ilipo, mwelekeo na mwendo wake. Minara ya pwani na setilaiti hunasa taarifa hizo, na sehemu yake huonekana bure kwenye intaneti.

Faida yake ni kujua mapema. Meli nyingi zilipoanza kukwepa mashambulizi ya Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, zikazunguka Afrika Kusini, aliyeagiza bidhaa Ulaya aliweza kuiona njia mpya na kupanga upya fedha zake.

Hata hivyo, upo mtego. Mahali na mwendo hutoka kwenye mitambo, lakini tarehe ya kufika huandikwa kwa mkono na mabaharia, na wakati mwingine hairekebishwi. Ni salama zaidi kupiga hesabu: zikibaki maili 2,400 za baharini kwa mwendo wa maili 15 kwa saa, safari ni saa 160, yaani karibu siku saba.

Aidha, makontena mengi ya Afrika Mashariki huhamishiwa meli nyingine njiani, katika bandari kama Salalah au Colombo. Anayeifuata meli ya kwanza huenda anafuata chombo kisicho na mzigo wake. Dawa ni kumtaka wakala ataje meli ya pili pamoja na namba yake ya IMO, yenye tarakimu saba, ambayo haibadiliki hata jina likibadilishwa.

Na meli ikionekana imesimama nje ya bandari, hiyo ni foleni. Kutia nanga si kupakua.