Seli Ikishiba Haitoi Dawa: Vinara wa Tiba Iliyokuzwa Tangini

Matangi makubwa kuliko yote yanayojulikana katika kazi ya kukuza seli za mimea kwa ajili ya dawa yako Ahrensburg, kaskazini mwa Ujerumani, katika kiwanda cha Phyton Biotech. Kubwa kati yake linabeba lita 75,000. Ndani yake hamna jani, shina wala mzizi. Ni seli tupu za mti wa jamii ya Taxus, zinaelea kwenye maji yenye sukari na madini, zikitengeneza paklitakseli: dawa ya saratani ya ovari, ya titi, na ile ya Kaposi inayowaandama watu wenye VVU.

Ukubwa huo haukutokana na tamaa ya sifa. Paklitakseli iligunduliwa kwenye gome la mti wa misitu ya magharibi mwa Marekani, mti unaokua polepole mno, na ili kupata kilo 1 ya dawa zilihitajika takriban kilo 10,000 za gome. Mti ukichunwa gome lote, unakufa. Marekani ilipoidhinisha dawa hiyo mwaka 1992, ilikuwa dhahiri kwamba msitu hauwezi kuwatosheleza wagonjwa.

Kuzikuza seli kwenyewe si ajabu tena. Karoti zilikwisha kukuzwa hivyo mfululizo tangu mwaka 1939. Kazi ni kuzifanya zitoe dawa. Mmea hutengeneza kemikali hizi chungu na kali kwa ajili ya kujilinda na wadudu, ukungu na wanyama walao majani. Seli iliyoko tangini haina adui. Inakula, inagawanyika, inaongezeka, na dawa haitoi, au inatoa kidogo tu. Ndiyo maana karibu kila rekodi ya fani hii ina kisa kilekile ndani yake: mtu alijua wakati wa kuilisha seli na wakati wa kuitia msukosuko.

Waliotangulia sokoni ni Wajapani. Mwaka 1983 kampuni ya Mitsui Petrochemical ilianza kuuza shikonini, rangi nyekundu ya zambarau iliyokuwa ikitolewa kwenye mizizi ya mmea uitwao Lithospermum erythrorhizon, na ambayo tangu zamani ilitumika kutia nguo rangi na kutibu vidonda na majeraha ya moto. Mzizi wa shambani huchukua miaka kadhaa kukomaa, na shikonini ndani yake haizidi asilimia 1 au 2 ya uzito mkavu. Seli za Mitsui zilifikisha karibu asilimia 14 katika muda wa wiki tatu hivi. Siri yao ilikuwa matangi mawili. La kwanza, la lita 200, lilikuwa la kunenepesha. Kisha seli zilihamishiwa kwenye tangi la lita 750 lenye mchanganyiko mwingine kabisa: naitrojeni ya nitrati bila amonia, pamoja na shaba zaidi. Amonia ikiwapo, shikonini haitoki. Mwanga pia huizuia. Nadhani mpango huo wa matangi mawili ndio jambo kubwa zaidi lililowahi kufanywa katika kazi hii, kuliko hata tangi la Ahrensburg, kwa sababu wengi waliofuata walipita kwenye njia hiyo ya kugawa ukuaji na uzalishaji. Soko lenyewe lilipatikana kwenye rangi ya midomo.

Kichocheo mashuhuri kuliko vyote ni methili jasmonati. Mdudu anapotafuna jani, mmea hutengeneza jasmonati kama ishara ya hatari, na seli zikiipokea huwasha jeni za kujihami. Mwaka 1996 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya kuitia kwenye seli za Taxus zilizokuwa salama salimini. Hazikuwa zimeguswa na mdudu yeyote, lakini ziliitikia, na paklitakseli ikafikia takriban miligramu 110 kwa lita ndani ya wiki mbili.

Asilimia kubwa zaidi ninayoifahamu ni ya asidi ya rosmarini, kemikali inayopunguza uvimbe. Mwaka 1992 iliripotiwa kwamba seli za mmea wa seji, Salvia officinalis, zimeibeba kwa asilimia 36 ya uzito wao mkavu, na mavuno ya gramu 6.4 kwa kila lita. Zaidi ya theluthi moja ya uzito mkavu wa seli ilikuwa dawa! Lakini msomaji awe makini na tarakimu za namna hii. Asilimia ya uzito mkavu haisemi lita moja ina seli ngapi, wala haisemi zilichukua siku ngapi. Mwenye kiwanda huuliza gramu kwa lita kwa siku.

Karoti nayo ina taji lake. Mwaka 2012 Marekani iliidhinisha dawa ya ugonjwa wa kurithi wa Gaucher, kimeng'enya kinachotengenezwa na seli za karoti zilizopandikizwa jeni ya binadamu, kazi ya kampuni ya Protalix ya Israeli. Ilikuwa protini ya kwanza ya namna hiyo kutoka kwenye seli za mimea kuruhusiwa kwa binadamu.

Mkaidi kuliko wote ni lile ua dogo la Madagaska, Catharanthus roseus, linalopamba nyua nyingi za kwetu. Gramu 1 ya vinblastini hudai takriban kilo 500 za majani makavu. Vinkristini, inayotumika kwa watoto wenye saratani ya damu, hudai kilo 2,000 hivi. Seli za tangini hutengeneza nusu moja ya molekuli bila shida. Nusu ya pili, vindolini, haziwezi, kwa kuwa hatua zake zimegawanywa kati ya seli za aina mbalimbali za jani, na tangini hakuna jani. Shaba, giza, jasmonati, vyote vimejaribiwa. Mwaka 2022 watafiti walihamishia kazi hiyo kwenye hamira, kwa marekebisho 56 ya jeni, wakapata mikrogramu mia chache tu kwa lita za kila nusu. Vinkristini ya mtoto aliyelazwa wodini leo bado hutegemea majani yaliyovunwa shambani.