Urejeshaji wa Hali Baada ya Maafa: Kutoka Bonde la Msimbazi hadi Mabwepande

Katika usimamizi wa maafa, urejeshaji wa hali hutajwa mwishoni, baada ya kuzuia, kujiandaa na kukabili. Mpangilio huo umewazoesha wengi kuuona kuwa ni kazi ya kufunga hesabu: maji yamekauka, mahema yamegawiwa, waathirika wamepata pa kulala. Makala haya yanaifafanua dhana hiyo kupitia mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011, yakiegemea hoja kwamba makazi mapya hayadumu pale ambapo riziki haikurejeshwa.

Mvua hizo zilijaza bonde la Mto Msimbazi, zikaua watu zaidi ya 40 na kuwaacha maelfu bila makazi. Serikali iliwahamishia wakazi wa mabondeni Mabwepande, takribani kilomita 30 kutoka katikati ya jiji, ikawapa viwanja. Kwa kigezo cha usalama uamuzi ulikuwa sahihi, kwani maji ya Msimbazi hayafiki huko. Hata hivyo, baadhi ya waliohamishwa waliuza viwanja au kuviacha, wakarejea bondeni.

Kurejea huko kulielezwa mara nyingi kuwa ni ukaidi. Maelezo hayo ni mepesi mno. Mkazi wa Jangwani huishi kwa kuwa karibu na Kariakoo. Mchuuzi huamka alfajiri, akaenda kwa miguu kwa mfanyabiashara wa jumla anayemfahamu, akachukua bidhaa kwa mali kauli na kulipa jioni baada ya kuuza. Mtaji wake ni kule kufahamika. Akipelekwa Mabwepande, nauli ya kwenda na kurudi humla faida, na siku asizofika sokoni humpunguzia uaminifu ambao hakuna hema wala kiwanja kinachoweza kuufidia. Mama lishe hupoteza wateja vivyo hivyo, na wanachama wa upato hutawanyika kabla zamu zao hazijafika.

Mpangaji yuko katika hali ngumu zaidi. Tathmini inayohesabu nyumba humwona mwenye nyumba, ilhali aliyepanga chumba kimoja amepoteza godoro, majiko na bidhaa za kuuza, vitu visivyo na hati.

Mwongozo wa Sendai wa 2015–2030 unahimiza kujenga upya kwa ubora zaidi, na unajumuisha riziki katika hasara zinazopaswa kupunguzwa. Katika utekelezaji, ubora huo hupimwa kwa saruji zaidi, pengine kwa sababu saruji huhesabika kwa urahisi. Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, ambao mkopo wake wa Benki ya Dunia uliidhinishwa 2022, umetumia njia ya fidia ya fedha. Njia hiyo humpa anayehama nafasi ya kuchagua mahali pa kuhamia, kwa kadiri kiasi anacholipwa kinavyotosha kununua kiwanja penye usafiri wa kufika Kariakoo kabla jua halijachomoza.