Baiskeli Mlimani: Lushoto Hadi Irente

Kama uko Lushoto na una baiskeli, unayo tiba ya bure ya uvivu. Kutoka mjini mpaka kwenye genge la Irente ni kilomita kama sita tu. Unapita migombani, kwenye mashamba ya mahindi na kabichi, watoto wanakusalimia kila kona. Mji wenyewe uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliipenda baridi yake wakauita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao.

Kwenda ni kupanda, tena si mchezo. Misuli ya mapaja inadai oksijeni zaidi, kwa hiyo moyo unapiga haraka na unaanza kuhema. Hiyo ni kawaida. Jipime hivi: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, mwendo wako ni mzuri. Ukishindwa hata kuongea, shuka usukume. Hakuna aibu, hata wenyeji husukuma.

Hapa wasichana wengi huuliza: eti baiskeli inaondoa ubikira? Jibu ni hapana. Bikira ni mtu ambaye hajawahi kufanya ngono, basi. Kizinda ni kingozi chembamba ambacho hutofautiana kwa kila msichana. Wengine huzaliwa nacho kidogo sana. Hakuna anayeweza kukuangalia akajua kama umeshafanya ngono au la. Lakini kwa uvumi huo kuna wasichana wanaotembea saa nzima kwenda shule huku baiskeli ya kaka imeegemea ukuta nyumbani! Nanyi wavulana, mkihisi ganzi huko chini, inukeni kwenye kiti kidogo, au mwambieni fundi akirekebishe.

Ukifika Irente, utaona nyika ya Umasai imetandaa mamia ya mita chini yako, na mashamba ya mkonge upande wa Mazinde. Kunywa maji, pumzika, ila usisogee ukingoni kwa ajili ya kupiga picha.

Sasa kurudi. Hapa ndipo watu huumia, maana baiskeli inakimbia yenyewe. Mwendo ukiongezeka mara mbili, breki zinahitaji umbali wa mara nne ili kukusimamisha. Kwa hiyo punguza mwendo kabla ya kona, siyo ndani ya kona. Kamata breki zote mbili taratibu. Ukibana ya mbele peke yake kwa nguvu, utarushwa juu ya usukani. Mvua ikinyesha rimu huteleza, na breki za mpira hushika kwa shida. Na rafiki kwenye karia? Mteremko huu ateremke kwa miguu, bwana.

Kabla ya kuondoka nyumbani, bana breki halafu sukuma baiskeli. Gurudumu likizunguka, nenda kwa fundi kwanza. Ukipata kofia ngumu, vaa hata wakikucheka.

Mwenzako akianguka akagonga kichwa, usiseme "mwache alale kidogo atapoa". Akitapika, akisinzia ovyo, akichanganyikiwa, au kichwa kikizidi kumuuma, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Akilalamika shingo inauma, msimwinue. Atulie hapo hapo alipo, mmoja wenu akimbie kuita watu wazima.